Mita 22

Mama jirani alinisubiri getini Jumapili moja nikitoka misa, na hakunisalimia. Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunaweza kugombana asubuhi nzima, lakini salamu hutangulia. Nikajua kuna jambo.

"Mwalimu," akasema, "nyuki zako zinakuja kufua na mimi."

Nikamfuata hadi nyuma ya nyumba yake. Beseni la plastiki, nguo za watoto zimelowekwa, povu limeshakufa. Kuzunguka ukingo wote wa beseni nyuki walikuwa wamebanana kama ng'ombe kwenye bwawa, vichwa chini, matumbo yakitweta. Wengine walikuwa juu ya kola ya shati iliyochomoza majini, wakinyonya kitambaa. Nilihesabu hadi 60 nikaacha. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameketi kizingitini, sikio limevimba kama andazi, akinitazama bila kinyongo, kana kwamba mimi ndiye daktari niliyeitwa.

"Sitaki uzichome moto," mama akaendelea. "Asali yako tunaila. Zisogeze tu. Hapa ukutani ni karibu mno na mimi. Zipeleke kule nyuma ya jiko lako."

Ombi la haki kabisa. Nikaenda kuchukua utepe. Kutoka chini ya mti wa avoka, pembeni ya ukuta wetu wa pamoja, hadi nyuma ya jiko: mita 22. Nafundisha hesabu sekondari, na mita 22 ni nini kwa mwalimu wa hesabu? Nikamwambia, "Mama, kesho ukiamka hutaziona."

Maneno hayo ananikumbusha mpaka leo.

Ilikuwa mwaka 2019 na nilikuwa na mizinga mitatu. Miwili ya aina ya Kenya, ile yenye vijiti vilivyopangwa juu kama mbavu, kila kijiti upana wa milimita 32 ili nyuki ajenge sega moja kwa kijiti kimoja asiliunganishe na la pili. Wa tatu wa kienyeji, kapu refu lililosukwa na kupakwa samadi ya ng'ombe, zawadi ya muzee mmoja wa upande wa Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, ambaye ndiye aliyenifundisha haya mambo. Si biashara. Msimu ukikubali napata chupa kumi na kitu za bia ya Primus, zile za sentilita 72, na kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji, chupa moja inabeba karibu kilo nzima. Nusu tunakula, nusu naigawa. Mke wangu anasema hesabu ya mbao, misumari na mashati yaliyotobolewa na cheche za kifukizo, kile chombo cha kuwapigia nyuki moshi, haijawahi kufungwa, na kwamba mume wa mwenzake anapenda mpira, ambao angalau haumchomi mtu.

Usiku ule ule, saa mbili, nyuki wote wakiwa wamerudi, niliziba mlango wa mzinga wa kwanza kwa nyasi. Mimi na mdogo wangu tukaubeba hadi nyuma ya jiko. Dakika nne. Nikafungua mlango, nikaenda kulala kama mtu aliyelipa deni.

Asubuhi nyuki wakatoka kwenda kazini bila kugeuka kuangalia nyuma. Wakachukua walichochukua, wakarudi nyumbani. Na nyumbani ni pale ukutani. Ilipofika saa nne kulikuwa na wingu chini ya avoka, linazunguka hewa tupu, pale pale mlango ulipokuwa, kimo kile kile, kana kwamba mlango bado upo ila macho yetu sisi ndiyo hayauoni. Kufikia jioni walikuwa wamejikusanya juu ya mawe ya ukuta, donge la ukubwa wa kichwa cha mtu, wamechoka na wakali. Na upande wa pili wa ukuta huo ni wa nani? Mama jirani alichomwa mara mbili siku hiyo, yeye mwenyewe, mkononi.

Kuna kitu kilinichanganya zaidi. Nyuki akichoma anaacha harufu ya kuwaita wenzake waje wachome palepale, na kemikali kuu ndani ya harufu hiyo, isoamili asetati, ndiyo inayonukia kwenye ndizi mbivu. Mama jirani anauza ndizi. Nilisimama katikati ya kapu lake na ukuta uliojaa nyuki, napiga moshi, nisijue pua inaniambia nikimbie au ninunue.

Usiku nikaurudisha mzinga chini ya avoka. Waliokuwa ukutani wakaingia kwa mstari, kimya, kama wanafunzi waliofungiwa geti.

Nikampigia muzee. Alicheka hadi akakohoa. "Umebeba sanduku, Mwalimu. Nyuki umewaacha."

Nyuki mtenda kazi hutumia karibu wiki tatu za kwanza za maisha yake ndani: anasafisha, analisha majana (watoto wa nyuki), anajenga, anapokea nekta, maji matamu ya maua. Akikomaa ndipo anatoka, na siku ya kwanza haendi popote. Anageuka angani akiutazama mlango, anayumba kushoto na kulia, anapanua duara kidogo kidogo: mti huu, paa lile, jua liko wapi. Ukikaa mbele ya mzinga mchana wa jua utawaona, kundi zima linacheza hewani macho yakiwa mlangoni. Baada ya hapo anajua njia ya kurudi akiwa kilomita kadhaa. Anachojua ni mahali. Sanduku lenyewe halijui.

Ndiyo maana wafuga nyuki wana kanuni ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani umedanganywa: sogeza chini ya mita moja, au peleka zaidi ya kilomita tano. Katikati hapo ni balaa. Ukimpeleka mbali sana, akitoka mlangoni haoni kitu hata kimoja anachokijua, basi anatulia na kujifunza upya. Ukimpeleka nyuma ya jiko, anaona paa lile lile na mti ule ule, anasema mimi hapa napajua, na anarudi pasipokuwa na mlango. Kwa hiyo Sake, zaidi ya kilomita 20, ni karibu kuliko jiko langu.

Kulikuwa na njia ya nusu mita kwa siku. Mita 22 ni siku 44, na katikati kuna shimo la maji machafu, kamba ya nguo na kijia cha kwenda chooni kinachopitwa na watu tisa. Hapana. Mpango ukawa huu: mizinga iende kwa muzee, ikae wiki tatu hadi wale nyuki wazee wanaokumbuka ukuta wafe kazini (msimu wa kazi nyuki haishi zaidi ya wiki sita hivi), kisha irudi moja kwa moja nyuma ya jiko.

Kufunga mzinga kwa safari ni kazi ya kutosha siku nzima. Mlango hauzibwi kwa nyasi tena, unazibwa kwa wavu wa chuma, kwa sababu nyuki waliofungiwa wakipata hofu wanapandisha joto wao wenyewe. Kiota cha majana kinakaa kwenye nyuzi 34 au 35; wakikosa hewa joto linapanda, masega yanalegea, na unafika na uji. Vijiti vya juu nikavifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, vile vile vinavyofunga kila kitu katika mji huu. Muzee alikazia jambo moja: masega yaelekee urefu wa njia, yasikae kuikingama. Gari likishika breki, sega lililokingama linayumba kama mlango, na sega jipya ni laini kama mkate wa moto.

Gari haliingii kwetu. Kutoka parsele, kiwanja chetu, hadi lami ni mawe ya lava yasiyo na adabu, kwa hiyo nikamwita kijana wa chukudu. Kwa asiyeijua Goma: chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, magurudumu mawili ya mbao yaliyovalishwa mpira, na inabeba mzigo ambao punda angeukataa. Viazi, mbao, makala (ndivyo tunavyouita mkaa hapa), bidoni za maji. Hata pale mjini tumeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Lakini nyuki? Kijana aliweka sikio kwenye mzinga, akarudi nyuma hatua tatu, akasema bei ni mara mbili. Nilimlipa. Ningekuwa yeye ningedai mara tatu.

Tulishuka taratibu gizani, yeye ameshika usukani, mimi nyuma nashikilia kama mtu anayesindikiza jeneza. Sauti ya mzinga uliotulia ni ya friji. Mahali fulani gurudumu la mbele lilipiga jiwe, chukudu ikaruka, nikasikia ile friji ikageuka mvua juu ya mabati. Kisha polepole ikarudi kuwa friji. Sega moja lilikuwa limekatika. Nililiona siku ya pili, limelala chini, asali inavuja, nao wameshaanza kuibeba tone kwa tone na kuirudisha juu.

Kwenye lami kamyoneti ya viazi ilikuwa inatusubiri, inarudi Sake tupu. Tukapita Ndosho, tukapita Mugunga. Mbele kidogo kuna bariere, na askari mwenye tochi.

"Mnabeba nini?"

"Nyuki, shefu."

"Nyuki ya nani?"

"Yangu."

Akamulika. Masanduku mawili na kapu moja, yamefungwa mipira kama wafungwa. "Fungua."

"Nitafungua, shefu," nikasema, "ila niruhusu kwanza nirudi ndani ya gari nipandishe kioo."

Akanitazama. Akatazama masanduku. Akainama, akaweka sikio kwenye ubao vile vile alivyofanya kijana wa chukudu, na nikaona uso wake chini ya tochi unabadilika, si kwa woga, ni kama mtu anayesikiliza moyo wa mtoto tumboni. Alikaa hivyo muda ambao dereva aliuona mrefu. Kisha akanyanyua kamba bila kudai hata franka moja. Katika miaka yangu ya kupita barabara ile, sina kumbukumbu nyingine kama hiyo.

Muzee alitupokea na taa. Tukaiweka mizinga chini ya eukalipti zake, na alfajiri akafungua milango mwenyewe, akaegemeza tawi la majani mbele ya kila mmoja ili anayetoka apate kizuizi, ashtuke, ageuke atazame. Walipoanza kutoka walifanya hasa hivyo: wakageuka, wakayumba kushoto na kulia, wakapanua duara.

Tukiwa tunakunywa chai ndipo muzee akaniuliza swali lililoniharibia asubuhi. "Hawa wanakwenda kwa yule mama kufuata nini?"

"Maji."

"Na ukiwaweka nyuma ya jiko, beseni la yule mama litakuwa limehama?"

Nikanyamaza. Mdudu anayeruka kilomita mbili kutafuta ua, mita 22 zinamzuia nini? Nilikuwa nimepima umbali wa sanduku na ukuta, sikupima umbali wa nyuki na maji, na ugomvi wote ulikuwa wa maji. Katika mji wetu hili halikupaswa kunihitaji mzee wa kunieleza. Goma imekaa juu ya lava. Mvua inanyesha hadi tunachoka, halafu jiwe linaimeza yote. Hakuna kijito, hakuna kisima cha mkono. Ziwa liko pale chini, na watu wa juu huku tunaamka na bidoni za njano kutafuta bomba. Nyuki naye anahitaji maji, ya kupoza mzinga na ya kulainishia chakula cha majana, na yeye hana bidoni. Anakunywa palipo karibu na panaponukia. Maji masafi hayana harufu, hayamvutii. Ya sabuni na chumvichumvi ya jasho la mashati anayasikia kutoka mbali. Akishapajua mahali, amewaambia wenzake.

Hata hivyo safari haikuwa ya bure. Wiki tatu Sake zingefuta ukuta vichwani mwao, na zingefuta beseni pia. Ilibidi tu maji yangu yawe ya kwanza watakayoyaona. Nilipoirudisha mizinga mwezi uliofuata, kabla sijafungua mlango hata mmoja niliweka sufuria pana hatua sita mbele yake, nikaijaza vijiwe vya lava vyenye matundu, vile vinavyonyonya maji na kubaki vimelowa juu ili nyuki asizame, nikaongeza chumvi kidole na maji ya mchele. Muzee alisema pasikauke hata siku moja. Pakikauka siku moja, watakwenda kutafuta, na watakwenda kwa nani?

Ilifanya kazi. Si kwa asilimia mia. Mama jirani anasema watano sita bado wanakuja, na kwamba hao ni wageni, tuwaache.

Kuhusu Mei 2021 nitasema machache, kila mtu wa hapa ana yake. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka Jumamosi ya tarehe 22 jioni, lava ikasimama Buhene, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka hadi tukazoea kulala na viatu. Alfajiri ya tarehe 27 ikaja amri ya kuhama, mitaa kumi, Majengo yetu ndani yake. Tulishika njia ya Sake kwa miguu, na magodoro, na umati ambao sijui niufananishe na nini. Barabara ile ile niliyowapitisha nyuki kwenye kamyoneti. Sikuwabeba, nani angeuliza nafasi ya masanduku siku hiyo? Nilichofanya ni kujaza sufuria hadi juu na kuweka mawe juu ya mabati ya mizinga, na mke wangu akaniita mara tatu akiwa na mtoto mgongoni, ya tatu kwa jina langu lote.

Tuliporudi Juni, sufuria ilikuwa kavu na imejaa majivu. Mizinga miwili ya mbao ilikuwa hai. Kapu lilikuwa tupu. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na asali, hapakuwa na majana. Masega makavu tu, meupe, na nondo wa nta wameanza kufuma utando wao. Nyuki wetu wa Afrika ni hivyo: wakiona mahali pamekuwa pabaya wanashiba asali yao yote, wanamchukua malkia wao na kuondoka kwa utaratibu. Nadhani ni ile mitetemeko. Nilikaa mbele ya lile kapu muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa mtu mwenye nyumba yenye nyufa.

Mwaka uliofuata nikampelekea muzee makundi mawili niliyoyagawa. Februari 2024 vita vilifika Sake, barabara ikafungwa, na mizinga ile sijaiona tena. Muzee mwenyewe alifika kwetu na godoro, kuku mmoja na kifukizo chake. Anaishi chumba cha nyuma. Jambo la kwanza aliloomba baada ya maji ya kuoga lilikuwa aonyeshwe sufuria.

Sasa sikiliza lililonipata. Mwezi wa tisa kundi lilikuja lenyewe, likatundikwa kwenye avoka, pale pale pa zamani, na nikaliingiza kwenye mzinga chini ya mti nikisema nitalihamisha kabla halijazoea. Mitihani ikanishika. Likazoea. Nikaenda kwa mama jirani na chupa ya asali mkononi, tayari kuomba radhi, nikamkuta amesimama ukutani anawatazama.

"Mwalimu," akasema, baada ya salamu zote za nyumba nzima, "huyu mtoto hanipi amani. Anataka mzinga."

Ni yule wa sikio. Ana miaka kumi sasa. Anawajua madume kwa macho yao makubwa na anamsahihisha dada yake. Mama amesafisha kona yake mbali na kamba ya nguo, ameweka karai lenye vijiwe, amefanya yote niliyopaswa kufanya mimi mwaka 2019. Kinachobaki ni kuhamisha mzinga kutoka chini ya avoka hadi kwake. Mita nne.

Zamani ningeita chukudu. Leo magharibi kuna vita, kaskazini kuna mlima, kusini ziwa, mashariki mpaka, na ndani ya mji sijapata anayekubali kulala na nyuki wangu wiki tatu. Imebaki njia ya nusu mita. Na katikati ya mita nne hizo kuna ukuta wa mawe unaonifika kifuani.

Muzee hakuona tatizo. "Unapanda," akasema. Kwa hiyo tunapanda. Kila jioni yeye, mimi na mtoto tunaongeza safu moja ya mawe chini ya mzinga, sentimita 25 hivi, na kuusukuma kidogo kuelekea ukutani. Siku ya mvua haihesabiwi, kwa sababu nyuki ambaye hakutoka hakujifunza kitu. Asubuhi wanarudi wanapiga kichwa kwenye ubao chini kidogo ya mlango, wanatambaa juu, wanaingia, na mchana wameshaelewa.

Jana jioni tuliufikisha kileleni. Umekaa juu ya ukuta, mlango umeelekea avoka, mgongo uko kwa mama jirani, na sufuria yangu na karai lake zote zina wanywaji. Mtoto aliuliza sasa ni wa nani. Muzee alisema ashike upande wake vizuri, jiwe lile linacheza. Kesho, mvua isiponyesha, tunaanza kushuka.